Mtoto Asiyetulia, Mtu Mzima Asiyemaliza: ADHD Ilivyo

Hakuna kauli inayowaponza watoto wenye ADHD kama hii: "Akitaka anaweza." Mama wa Mtambile, Pemba, atakwambia mwanawe hawezi kukaa na daftari dakika kumi, lakini mpira wa televisheni anautazama tangu kipenga cha kwanza mpaka cha mwisho, na ukimwita hasikii. Mwalimu wake naye atasema hivyohivyo: jana hesabu za kuzidisha kazipata zote, leo kakosa zote, basi ni uvivu tu. Ushahidi unaonekana umekamilika, na hukumu inayofuata huwa bakora.

Naanzia hapo kwa sababu kile kinachochukuliwa kuwa ushahidi wa uvivu ndiyo alama ya hali yenyewe. ADHD, kifupi cha jina la Kiingereza "attention deficit hyperactivity disorder", ni hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtu ashindwe kuutawala umakini wake, kuutuliza mwili wake na kuizuia papara yake kama inavyotarajiwa kwa umri wake. Umakini anao, tena mwingi. Uwezo anaoukosa ni wa kuuelekeza anakotaka yeye na kuubakisha huko mpaka kazi iishe. Ni ngalawa yenye tanga zima na usukani mwepesi: pepo zikivuma upande aendako huwapita wenzake wote, zikigeuka humpeleka zitakako. Mpira una jambo jipya kila sekunde na furaha yake iko papo hapo, na mchezo wa simu ni hivyohivyo. Ukurasa wa hesabu hauna hayo. Mtoto mwingine huchoka na ukurasa ule ule, lakini ndani yake kuna kitu kinachomrudisha: kesho mtihani, mwalimu atakagua, baba atauliza. Kwa mtoto mwenye ADHD, kesho iko mbali mno kumrudisha leo.

Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo inayotufanya tungoje zamu, tupange kipi kianze, tushike akilini maagizo tuliyopewa sasa hivi, tumeze neno kabla halijatoka. Kazi hizo hutegemea sana kemikali mbili zinazopeleka habari baina ya seli za ubongo, dopamini na noradrenalini, na kwa mwenye ADHD mawasiliano hayo hayaendi kama kwa wengine. Mwaka 2007 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walipima unene wa gamba la ubongo kwa mamia ya watoto. Kwa watoto wasio na ADHD, sehemu kubwa ya gamba hilo ilifikia upeo wa unene wake karibu na umri wa miaka 7 na nusu. Kwa wenye ADHD, karibu na miaka 10 na nusu. Kuchelewa kulionekana zaidi sehemu ya mbele, ile ya kujizuia na kupanga. Akili ya kuelewa ni jambo jengine. Mtoto anaweza kuwa mwepesi wa kufahamu kuliko darasa zima na bado akahitaji kusimamiwa kama mdogo wake wa miaka mitatu nyuma, na mchanganyiko huo ndio unaowatatiza wazee: vipi mtu anayezungumza kama mtu mzima anasahau viatu msikitini kila siku?

Anayeujua msimu wa karafuu Pemba atanielewa haraka. Chukua kijana wa miaka kumi na sita aliyekwenda shamba na ami yake. Juu ya mkarafuu hana mfano: analisoma tawi kwa macho, anavuta kishada, anajaza, anashuka, anapanda mwengine, na hahitaji kuhimizwa. Jioni karafuu zinamwagwa mkekani, taa inawashwa, nyumba nzima inakaa kuchambua, karafuu huku na makonyo, yaani vijiti vyake, kule, kishada baada ya kishada mpaka usiku. Hapo kijana yuleyule hayupo. Kachambua kiganja kimoja, kanyanyuka kwenda kunywa maji, huko kamkuta paka, karudi kakaa upande mwengine, sasa anayapanga makonyo mistari mistari huku akiimba, na makonyo yenyewe yameshachanganyika na karafuu za bibi. Kesho yake anaachiwa aziangalie zilizoanikwa. Wingu linatanda, matone yanaanza, naye mvua anaiona na hata anaifurahia. Karafuu hazimjii akilini mpaka asikie kelele za watu.

Bibi anaamini anafanyiwa makusudi, maana mchana kijana alifanya kazi ya watu wawili. Nami sipendi vile anavyosifiwa kwa kupanda bila hofu. Watu wenye ADHD huumia kwa ajali zaidi kuliko wenzao, na tawi la mkarafuu halimsubiri mtu afikirie mara mbili.

Madaktari huziangalia alama zake kwa makundi mawili. La kwanza ni la umakini: kuruka maelezo, kupotea katikati ya kazi, kuonekana hasikii anaposemeshwa, kupoteza vitu, kusahau, kukimbia kazi inayotaka akili kwa muda mrefu. La pili ni la kutotulia na papara: kuchezesha mikono na miguu, kuinuka wakati wa kukaa, kusema bila kikomo, kujibu kabla swali halijaisha, kushindwa kungoja zamu, kuingilia mazungumzo ya watu. Kuna wenye kundi la kwanza tu, wenye la pili tu, na wengi wenye yote mawili. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani wa mwaka 2013 unataka mtoto awe na alama zisizopungua 6 kati ya 9 za kundi moja, na kuanzia miaka 17 zinatosha 5. Ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, nyingine zimeonekana kabla ya miaka 12, zijitokeze katika mazingira mawili au zaidi, na ziwe zinamharibia maisha kweli. Orodha mpya ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 2022, nayo imeiingiza ADHD kwa jina hilohilo.

Sharti la mazingira mawili ndilo ninaloliona lina uzito mkubwa kwetu. Mtoto wa Unguja au Pemba ana skuli mbili kwa siku. Akiwa zamu ya asubuhi huenda chuoni, kwenye chuo cha Kurani, mchana, akiwa zamu ya mchana huenda chuoni asubuhi, halafu arudi nyumbani kwenye macho ya mama, bibi na shangazi. Watu wa sehemu tatu tofauti wanamwona siku moja. Mtoto asiyetulia kwa mwalimu mmoja tu, wengine wote hawana malalamiko naye, huyo tumuulize mwalimu kwanza. Lakini kama mwalimu wa skuli, ustadhi na bibi wanaeleza mambo yaleyale bila kukaa pamoja, hapo pana jambo.

Mara nyingine chuo hukataa kukubaliana na skuli, na hili linafaa kutazamwa kwa makini kabla mtu hajasema "basi hana kitu." Chuoni mtoto anakaa mkekani na juzuu yake, kijiti kinatembea juu ya herufi, anasoma kwa sauti, mwili unayumba mbele na nyuma, na hakuna anayemwambia akae kama sanamu. Somo lake ni la mistari michache. Atakwenda mbele ya ustadhi peke yake, atasikilizwa, atasahihishwa hapo hapo, atapewa jipya. Skulini yumo katika darasa la watoto sitini, ananakili ubaoni kimya kwa dakika arobaini, na daftari lake litasahihishwa siku nyingine. Mtoto mwenye ADHD anaweza kabisa kufanya vizuri kwa njia ya kwanza na kuanguka kwa ya pili. Na ustadhi hakujua kwamba anamtibu: sauti, mwendo, somo fupi na jibu la papo hapo ni baadhi ya mambo wataalamu wanayoyashauri.

Kwa hesabu za dunia, tafiti nyingi huwaweka watoto wenye ADHD kati ya 5 na 7 katika kila 100, na watu wazima kama 2 au 3. Katika darasa lile la watoto sitini, tarajia watatu au wanne. Wavulana hugunduliwa zaidi, na kwa sehemu ni kwa sababu wao hupanda madirisha. Msichana mara nyingi huwa na kundi la kwanza: kakaa nyuma, kimya, ushungi umenyooka, macho ubaoni na roho haipo. Hamsumbui mtu. Ripoti yake inasema "aongeze bidii" kila mwaka, anamaliza skuli akijiona mjinga, na akiolewa anaambiwa hajui kushika nyumba. Ninamwonea uchungu zaidi huyu kuliko yule wa dirishani, kwa sababu yule angalau ameonekana.

Sasa, si kila asiyetulia ana ADHD. Kabla ya yote apimwe masikio na macho. Mtoto anayetoka usaha masikioni mara kwa mara anaweza asisikie nusu ya anayoambiwa, na asiyeuona ubao atatafuta cha kutazama pengine. Upungufu wa damu huleta uchovu na kusahau. Kuna kifafa kisicho na mtikisiko, ambapo mtoto huganda sekunde chache, macho yametulia hewani, kisha huendelea kama hakuna kilichotokea. Mwalimu huona ni kuota mchana. Usingizi mchache humfanya mtoto awe mkali na mwenye purukushani kuliko kumlegeza, na siku hizi simu inalala naye kitandani. Halafu yako mambo ya moyo: baba na mama wameachana, mtoto kahamishiwa kwa jamaa, anapigwa, ananyanyaswa kwa siri, au kafiwa. Mtoto aliyekuwa mtulivu miaka yote akabadilika ghafla mwaka huu, usimtafutie ADHD, tafuta kilichompata. Na mdogo kuliko wote darasani aonewe huruma: tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba watoto waliozaliwa mwishoni mwa mwaka wa uandikishaji hupewa jina la ADHD zaidi, kumbe wengine ni utoto tu.

Chanzo chake kikubwa ni urithi. Tafiti za mapacha zinaonyesha kuwa karibu robo tatu ya tofauti baina ya watu katika hali hii hutokana na vinasaba, na vinasaba hivyo ni vingi, kila kimoja kina mchango mdogo. Kuzaliwa njiti au na uzito mdogo, sumu ya risasi, na baadhi ya majeraha ya ubongo huongeza uwezekano. Sukari haimo, majaribio yaliyofanywa miaka ya 1990, ambapo watoto walipewa sukari au kitu kitamu kisicho sukari bila wazee kujua kipi ni kipi, hayakuona tofauti ya tabia. Malezi mabaya hayaitengenezi ADHD pia, ingawa nyumba yenye vurugu huifanya iwe ngumu kubebeka. Wako mama wengi wanaoambiwa na mawifi zao kwamba wamemdekeza mtoto, na wameyaamini hayo.

Wengine husema kapagawa, au kahusudiwa. Sina ugomvi na kisomo; mtoto akisomewa na wazee wake, akafunikwa kwa dua, hapotezi kitu, na hakuna aya inayomzuia mtu kwenda hospitali baadaye. Ugomvi wangu ni na anayemchoma, anayemfunga kamba au anayemnyima chakula ili atoke shetani. Hilo ni kumtesa mtoto, na Zanzibar ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011.

Kwa wanaodhani ni jambo la Wazungu wa juzi: George Still, daktari wa watoto wa London, aliwaeleza watoto wanaofanana sana na hawa katika mihadhara yake ya mwaka 1902. Mwaka 1937, Charles Bradley aliwapa dawa ya kuchangamsha watoto wa hospitali yake huko Rhode Island, akashangaa kuona wengi wao wanatulia na kusoma. Tafiti za Nigeria, Ethiopia na Afrika Kusini zimeikuta huko pia. Bakora zetu ndizo zilizoificha kwetu.

Watu wengi wanajua kuwa mtoto hukua. Wasichojua ni kwamba ADHD nayo hukua naye. Kuna wanaopungukiwa sana wakifika utu uzima, lakini wengi hubaki na alama zinazowasumbua. Kukimbia kimbia hupungua na kugeuka kuwa wasiwasi wa ndani, mtu hawezi kukaa barazani mpaka kahawa ipoe. Ana nyumba tatu za kujenga na zote zimeishia kwenye linta. Ni fundi hodari, wateja wanamsifu kazi na kumlaani ahadi. Ada ya skuli anayo mfukoni na anasahau kuilipa mpaka mtoto arudishwe. Anakasirika upesi, anapoa upesi, na hajui kwa nini mkewe bado kanuna. Huendesha bodaboda kwa kasi ya mtu anayechelewa, maana kweli amechelewa. Mara nyingi mtu kama huyu hujitambua siku anapompeleka mwanawe kwa daktari. Daktari anauliza maswali kuhusu mtoto, naye baba ananyamaza, kwa sababu kila jibu ni lake.

Na kuna la unga wa kulevya, ambalo halizungumzwi pamoja na hili. Vijana wenye ADHD isiyotibiwa wako katika hatari kubwa zaidi ya kuvuta sigara mapema na kuingia kwenye madawa ya kulevya. Papara inawafanya wajaribu, na kufeli skuli kunawatupa kijiweni mapema. Visiwa hivi vimezika vijana wengi kwa unga, tumefungua soba hausi, nyumba za wanaoacha unga, na tunawauliza waliomo humo maswali mengi. Ningependa waulizwe na hili: skulini ulikuwa vipi ukiwa na miaka minane?

Tiba ina sehemu kadhaa, na ya kwanza kwa mtoto mdogo, hasa chini ya miaka sita, ni kuwafundisha wazee wake, yaani baba na mama. Agizo liwe moja kwa wakati mmoja. "Kaoge, uvae kanzu, uchukue juzuu, umpitie mdogo wako" ni maagizo manne, na yatakayofika ni moja na nusu. Mkaribie, mguse bega, akutazame, mwambie aoge. Akimaliza, mpe la pili. Sifa itolewe pale pale na itaje kitendo: "Umekaa mpaka umemaliza mistari mitano, vizuri mwanangu." Adhabu, ikibidi, iwe ndogo, ya haraka na ileile kila siku, kama kukosa simu jioni ile. Bakora haiwezi kazi hii. Inamfundisha mtoto kumwogopa aliyeishika, wakati kinachomshinda ni kukumbuka kabla ya kutenda, na tafiti kuhusu kuwapiga watoto zimeonyesha tabia zao huzidi kuharibika. Mwalimu anaweza kumkalisha mbele, mbali na dirisha, kumgawia kazi vipande vipande, na kumtuma kupeleka chaki au madaftari ili mwili upate ruhusa ya kunyanyuka. Najua hali ya madarasa yetu. Kumhamishia mbele hakuhitaji bajeti.

Mtu mzima afanye hivyohivyo kwa nafsi yake: asiamini kumbukumbu. Simu ilie kwa kila miadi, pesa ya ada ilipwe siku ileile inapoingia, funguo ziwe na msumari wake, na kazi kubwa ifanywe mbele ya mwenziwe, maana wengi wao hufanya vizuri mtu akiwa karibu. Mazungumzo ya tiba na mtaalamu wa saikolojia huwasaidia pia.

Dawa zinafanya kazi, na nasema wazi kwa sababu wazee wengi wanaziogopa. Methilfenideti, dawa ya kundi la kuchangamsha iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1944, huongeza nguvu ya dopamini na noradrenalini pale zinapopungua kazi, na watoto wapatao saba katika kumi hupata nafuu inayoonekana. Kidonge cha kawaida huanza ndani ya saa moja na huisha baada ya saa nne hivi. Hakimponyi mtu moja kwa moja, kama miwani isivyobadilisha jicho. Kinaweza kupunguza hamu ya kula, kuchelewesha usingizi, kupandisha presha na mapigo ya moyo, na kupunguza kidogo kasi ya kurefuka, kwa hiyo moyo, uzito na urefu hukaguliwa. Iko atomoksetini pia, isiyo ya kundi hilo, inayochukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Methilfenideti inadhibitiwa kimataifa kwa mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971. Haifai kupewa mtu na rafiki wala kununuliwa bila daktari.

Anayetaka kuanza, aanzie kituo cha afya au hospitali iliyo karibu, iwe Wete, Chake Chake, Abdulla Mzee pale Mkoani au Mnazi Mmoja, aeleze anayoyaona na aombe rufaa kwa wa afya ya akili. Jina la Kidongo Chekundu, hospitali ya akili ya Unguja, huwatia watu aibu kwa sababu mtaani limefungwa na wazimu, na aibu hiyo imewachelewesha watoto wengi. Daktari wa akili ni daktari.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayothibitisha ADHD, kwa hiyo utakachobeba mkononi kina thamani kubwa. Beba madaftari ya mtoto, lile zuri na lile baya. Beba ripoti za skuli za miaka iliyopita. Mwombe mwalimu aandike mistari michache, na ustadhi naye aandike yake kivyake, bila kuonyeshana. Andika saa anazolala, homa kali na degedege alizopata, na nani mwengine katika ukoo alikuwa hivyo. Mtu mzima anayekwenda kwa ajili yake mwenyewe aende na mama yake, au dada mkubwa, au shangazi aliyemlea, kwa sababu daktari atauliza alivyokuwa kabla ya kutimiza miaka 12, na yeye mwenyewe huenda asikumbuke ila bakora.